Vidato Kumi na Vinne vya Mnazi wa Bi Shukri

Nilipotoka nje tuktuk ilikuwa imeshaondoka. Niliiona ikikata kona ya Kibokoni, imelemea upande mmoja, godoro limefungwa juu yake kwa kamba. Kenga alikuwa ametoa kichwa ubavuni, ananitazama. Nilimpungia mkono. Hakupunga. Bintiye Kadzo, aliyeketi naye, ndiye aliyenipungia, akapunga kwa niaba ya wawili. Walikuwa waenda Mwembe Tayari kupanda basi la asubuhi, na jioni wangefika Syokimau, nje ya Nairobi, nyumba ya ghorofa ya nne. Kadzo alikuwa amepewa uhamisho wa kazi huko. Aliniambia yeye mwenyewe kwamba amezunguka mitaa yote ya Syokimau na hakuona mnazi hata mmoja, na alivyolisema jambo hilo ungedhani amepata nyumba yenye bustani.

Mimi na Kenga tulijuana miaka arubaini na moja. Miezi miwili ya mwisho hakunisemesha. Nitaeleza kwa nini.

Kenga alikuwa mkwezi. Minazi ya Mji wa Kale, hapa kwetu pwani, ni michache, na mingi imo nyuani, katikati ya nyumba, imezungukwa na kuta nne. Wakati nilipomjua, alikuwa akiikwea zaidi ya thelathini. Baadaye watu walikata wakajenga, ikabaki saba. Alikuwa hana ngazi wala kamba ya kiunoni. Alikuwa na panga lake dogo, miguu yake, na vidato alivyovikata yeye mwenyewe kwenye kila mnazi, kimoja kushoto, kimoja kulia, mpaka shinani mwa makuti.

Na alikuwa na mwito wake. Mkwezi akifika juu ya mnazi wa mjini huona nyua zote za jirani: mwanamke anayeosha nywele, anayelala mkekani kwa joto, mtu na mkewe wakigombana. Kwa hiyo kabla hajaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, Kenga alikuwa akiweka viganja mdomoni na kuita: "Mkwezi juuu! Jistirini!" Mara ya kwanza, akangoja. Mara ya pili, akangoja. Ungesikia milango ikifungwa, wanawake wakiitana, khanga zikivutwa kambani. Mara ya tatu alikuwa ameshapanda. Hakuna mtu aliyeziona nyua nyingi za mji huu kuliko Kenga, na hakuna aliyewahi kumsikia akihadithia alichokiona.

Mimi ni mtu wa kuondoka. Nimefanya kazi melini, nimebeba mizigo Tanga, nimekaa Bandar Abbas miezi tisa bila pasipoti, nimefika Lubumbashi juu ya magunia ya saruji. Kila niliporudi, nilikuwa sijioni nimefika kwa kuliona Ngome au kwa kusikia harufu ya mbaazi. Nililala, nikaamka, na katikati ya asubuhi nikasikia sauti ile juu ya mapaa: "Mkwezi juuu!" Hapo ndipo moyo ulipotua. Nikatoka barazani nikamngoja ashuke, anikatie dafu, anipe habari za mji mzima kwa maneno kumi.

Sasa sikiza ilivyoanza. Mwaka mmoja kabla hawajaondoka, mwezi wa Novemba, siku ya pili ya mvua, Kenga alikuwa kwenye mnazi wa Bi Shukri, ulio nyuma ya chumba changu. Bi Shukri ni mjane, nyumba ni yake, na mnazi aliupanda mumewe. Kenga alipofika katikati, mguu uliteleza. Hakuanguka. Aliukumbatia mti akateleza nao mpaka chini, kifua chote kikachunika. Bi Shukri akampaka manjano na mafuta huku akimtukana. Kenga akanywa maji, akakaa kidogo, akaita tena, akapanda, akamaliza kazi. Alikuwa na miaka sitini na tisa.

Kadzo alikuwa karani katika ofisi ya mawakala wa forodha kule bandarini Kilindini. Habari ilimfikia kabla hajamaliza chai ya saa nne. Jioni ile ile alikuja, na viatu vya ofisini miguuni, akamwomba Ishaq aite kikao.

Ishaq ni mpika halua, na ndiye mwenyekiti wa mtaa. Tulikaa kwenye baraza lake. Alikuwepo Sammy pia, Mkamba mpangaji wa Ishaq, aliyekuwa akifunga makontena bandarini. Bi Shukri alikaa ndani, nyuma ya mlango ulioachwa wazi, na mke wa Ishaq.

"Mzee Kenga," Ishaq akaanza, "hapana mtu hapa anayetaka kukuvunjia heshima."

"Mtu akianza hivyo ndipo anapotaka kuivunja," Kenga akasema. Watu wakacheka.

"Una miaka sabini, bwana."

"Sitini na tisa. Na wewe una sukari, Ishaq, na kila sufuria ya halua lazima uionje. Nani amekuitia kikao?"

"Jibu, mwenyekiti!" Bi Shukri akapiga kelele toka ndani.

"Mimi naonja kwa ncha ya kidole."

"Kidole chako kina ncha kubwa sana," Kenga akasema.

Hata Kadzo alicheka. Kisha Sammy akajikohoza. Alikuwa mtu mpole, akiongea huku akitazama viatu vyake.

"Mzee, kwetu bandarini ukipanda juu ya kontena bila mshipi, unarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Si kwamba wanatupenda. Walichoka kuzika watu."

"Na kontena lina madafu?"

"Halina, mzee."

"Basi."

"Lakini urefu ni urefu," Sammy akasema.

Kenga akageuka akatutazama wote, mmoja mmoja. "Mimi kabla sijapanda naita. Watu watoka uani, watoto washikwa mikono. Tangu nianze kazi hii sijamwangushia mtu nazi kichwani. Nikianguka naanguka peke yangu. Hilo nalo mwataka kuninyang'anya?"

Nilikuwa upande wake. Nilikuwa nafungua mdomo niseme kitu cha kumsaidia, Kadzo akanitangulia.

"Hapana, baba. Ukianguka waniangukia mimi." Hakupandisha sauti. "Ukifa papo hapo, sawa, nitalia, tutakuzika. Lakini je, ukivunjika mgongo? Nani atakayekugeuza kitandani? Bwana Ishaq? Bi Shukri? Nitaacha kazi nikugeuze mimi, asubuhi na jioni, miaka kumi. Na nitafanya, wajua nitafanya. Sasa niambie, hatari hiyo ni yako au yangu?"

Mimi nilifunga mdomo wangu.

Nataka kusema nilichokifikiria pale. Nilimfikiria mama yangu. Ujanani nilisafiri juu ya behewa la mizigo mpaka Voi, nikalala, nikaamka mguu mmoja unaning'inia nje. Nilipanda jahazi bovu la chokaa kwa sababu nahodha alikuwa mcheshi. Nilikuwa nikisema: mwili ni wangu. Mama hakunizuia hata siku moja. Alikuwa akisema "Haya, nenda, jichunge," akanitilia mkate wa mofa mfukoni. Nilijua alikuwa radhi. Alipokufa, jirani ndiye aliyeniambia kwamba miaka yote ile, kila meli ilipopiga honi Kilindini, mama alikuwa akiinuka, hata akiwa katika kula. Akiinuka, akisimama, akikaa tena.

Wakati ule watu wakiacha watu waende. Naukumbuka kwa mapenzi wakati ule. Lakini ni sisi tulioondoka tunaoukumbuka hivyo.

Kikao kikakubaliana: Kenga apande, lakini kwa mshipi. Sammy alileta mmoja wa bandarini, wa zamani, una ndoana kubwa ya chuma na mikanda ya mapajani. Kenga akakubali. Alikubali kwa ajili ya Kadzo, nadhani, maana alipofungwa ile mikanda alisema, "Kumbe hivi ndivyo mbuzi wa Idd anavyojisikia."

Mshipi ule umetengenezwa kwa kontena, sio kwa mnazi. Kontena lina tundu za kutia ndoana, mnazi hauna. Wakauzungusha tu, wakaufunga kwa nyuma. Alipofika nusu ya mti, mkanda ukanasa kwenye kisiki cha kuti la zamani. Akawa hawezi kupanda, hawezi kushuka. Sammy akipiga kelele toka chini, "Fungua ile ya kushoto, mzee!" na Kenga akijibu, "Kushoto kwangu au kwako?" Watu wakatoka juu ya mapaa. Wanawake ambao miaka yote walikuwa wakijifungia ndani akipanda, siku ile walisimama wakamtazama, wengine wakampiga picha kwa simu. Alining'inia karibu nusu saa. Tulicheka sote. Mimi pia.

Aliposhuka, alivua mshipi, akaukunja vizuri kama nguo ya msikitini, akampa Sammy. "Ahsante, baba. Warudishie wenyewe."

Baada ya hapo mtaa ukaamua kwa njia nyingine. Wenye minazi waliambiana wasimwite tena. Hakukuwa na kikao wala karatasi. Wote waliitika, isipokuwa Bi Shukri.

"Mnazi wangu, ua wangu, na huyu ni mtu mzima mwenye akili zake," akamwambia Ishaq mlangoni. "Wewe waingilia wapi?"

"Akifa uani kwako je?"

"Nitamfunika. Na wewe ukifa kwenye sufuria ya halua, atakufunika mkeo. Kwaheri."

Kwa hiyo mnazi ukabaki mmoja. Kenga alikuja kila baada ya miezi miwili, hana haraka, amevaa shati safi. Aliita mara tatu kama kwamba ana minazi thelathini. Alikuwa akichukua muda mrefu zaidi kuliko kazi inavyotaka. Alikuwa akikaa juu. Na mimi, ambaye zamani nilikuwa nikisimama chini nikimtania, nilianza kuingia ndani akipanda. Nilikuwa nawasha redio.

Oktoba iliyofuata, Bi Shukri alikwenda Lamu kwa Maulidi, wiki nzima, akaniachia ufunguo nilishe kuku. Kadzo alikuja siku ya pili. Alikataa kukaa.

"Ami Mbwana, nakuomba uzibe vile vidato. Vya chini tu. Hataweza kuanza."

"Mwambie mwenyewe asipande."

"Nimemwambia mara ngapi? Ananiambia 'haya mwanangu', kisha anakwenda. Ofisini simu ikilia moyo wanipasuka. Nimepungua, hunioni?" Alikuwa amepungua kweli. "Ami, wewe ulikuwa ukiondoka ukirudi, hukuona mambo. Mimi nimekaa hapa chini ya mnazi tangu nina miaka kumi, tangu mama afe. Nimechoka kutazama juu."

Nilikubali. Nisiseme alinilazimisha. Nilikubali kwa sababu na mimi nilikuwa nimechoka na redio.

Nilimwita Ronald, fundi wa kujenga, mtu wa Bondeni. Alizunguka mnazi akatikisa kichwa.

"Mzee, saruji na mti havishikani."

"Pigilia misumari kwanza, kisha tia saruji."

"Itatoka baada ya muda."

"Wewe tia."

Tulifika mahali ngazi yake ilipofika. Vidato kumi na vinne. Ronald alivipiga msasa vikawa laini kama ukuta wa msikiti. Vya juu vilibaki wazi, lakini vya nini bila vya chini?

Kenga alikuja Alhamisi. Nilimfungulia mlango wa ua, sikumwambia neno. Nilisema moyoni nitamwambia sasa hivi, nitamwambia akivua viatu. Alivua viatu. Aliita mara tatu, milango ikafungwa. Akainua mguu wa kushoto bila kutazama, kama alivyofanya miaka yote, na mguu haukupata pa kuingia. Akaushusha. Akapapasa kwa mkono. Akapapasa cha pili, na cha tatu, mpaka mkono wake ulipofika.

"Nani?"

"Mimi."

"Kadzo alikutuma."

"Alinituma. Lakini mkono ni wangu."

Kuku walikuwa wakituzunguka wakidhani kuna mtama. Kisha akatoa kipande cha kamba mfukoni, akafunga kitanzi cha miguuni, kama vijana wanavyokwea minazi isiyo na vidato. Akaurukia mti. Alipanda kiasi cha urefu wa mtu mmoja, magoti yakaanza kutetemeka. Niliyaona. Naye alijua nimeyaona. Alikaa pale pale, ameshikilia, hapandi hashuki. Kisha akashuka taratibu.

"Mbwana," akasema akivaa viatu, "ungeniambia kwa mdomo."

"Kadzo amekuambia mara mia."

"Kadzo ni mtoto, kazi yake kuogopa. Wewe ni mwenzangu. Wewe hujawahi kuniambia hata siku moja. Wewe wanisifu tu. Warudi kutoka huko kwako, waniambia, 'Kenga, bado wakwea! Kenga, hujazeeka!' Nikaenda juu na maneno yako. Ungeniambia shuka, ningeshuka."

Sikujua kama alisema kweli. Mpaka leo sijui. Aliondoka, na ndiyo siku ya mwisho aliyonisemesha kabla ya safari yao.

Bi Shukri aliporudi kutoka Lamu hakuvua hata buibui. Alisimama mbele ya mnazi. "Mmeutia mti wangu meno ya bandia," akasema. Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Kuku wake walikuwa wazima, hakunishukuru.

Desemba wakaondoka, kama nilivyosema.

Nilikaa mwaka, nikashindwa kuvumilia. Nilipanda treni mpaka Syokimau. Kadzo alinipokea kituoni. Alikuwa amenenepa, uso umefunguka, anacheka kwa sauti. Kenga alikuwa kwenye kibaraza cha ghorofa, amevaa sweta mbili na kofia ya sufu, ameketi kwenye kiti cha plastiki. Alinitazama muda.

"Umekonda," akasema.

"Na wewe umevaa duka zima."

"Huku baridi, ndugu yangu. Baridi hii haina adabu, yaingia bila hodi."

Kadzo alileta chai akatuachia nafasi. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi. Alisema "haya", kama mtu anayepokea kikombe. Tukakaa. Chini kulikuwa na barabara na malori, na maghorofa mengine yanajengwa, na vijana wamesimama juu ya mbao bila mshipi wala kofia. Aliniona nikiwatazama.

"Hao hakuna anayewaitia kikao," akasema. "Kila siku nawahesabu wakipanda, nawahesabu wakishuka."

"Kadzo yuko sawa?"

"Yuko sawa. Alala usingizi siku hizi. Namsikia toka chumbani kwangu akikoroma, mwanamke mzima." Alitabasamu. "Hilo nimempa mimi."

"Na wewe?"

"Mimi nakaa."

Aliniuliza ni nani akweaye sasa. Nikamwambia Kiti, mpwa wake kutoka Kaloleni, ana mshipi mpya wa kukwelea, wa kisawasawa. Akauliza kama Kiti huita kabla ya kupanda. Nikasema haiti, hutuma ujumbe kwenye kikundi cha simu cha mtaa. Alicheka mpaka akakohoa. Kikohozi kile sikukipenda.

Niliondoka siku ya tatu. Alinisindikiza mpaka kwenye ngazi, sio chini, ghorofa nne zilimchosha.

Kenga alifariki Februari ya mwaka huu, kwa nimonia, kitandani, akiwa na miaka sabini na miwili. Alizikwa Kaloleni. Kadzo alinishika mkono makaburini akaniambia, "Ami, nilipata miaka miwili na miezi miwili." Na mimi nikamshika. Bado yuko Syokimau, amepandishwa cheo.

Kiti alipanda mnazi wa Bi Shukri, na kwenye kidato cha tisa saruji ikachomoka chini ya mguu wake. Mshipi ulimshika. Aliumia goti, akapona baada ya wiki mbili. Alivibomoa vyote kwa patasi. Ndani ya vidato maji ya mvua yalikuwa yamekaa, na mti ulikuwa umeanza kuoza. Ulikatwa Juni. Ronald aliniambia alishaniambia.

Bi Shukri yu hai. Anunua nazi sokoni Marikiti kama watu wengine. Ufunguo wa ua wake hajanipa tena, lakini Ramadhani aliniletea kaimati.

Ishaq alikatwa vidole viwili vya mguu. Bado anapika halua na bado anaonja. Mtaa haujamkalia kikao.

Sammy amestaafu, amerudi kwao Kitui, mzima, hana mfupa uliovunjika.

Mimi daktari amenikataza safari ndefu kwa ajili ya moyo. Mwezi uliopita nilikwenda Tanga, siku nne, nikarudi. Kadzo alinipigia simu mara mbili nikiwa njiani.